Kadiri ya Kila Mja

Nenda matangani, yawe ya Waislamu au ya Wakristo, Mombasa, Morogoro au Bukavu, hutakosa kumsikia mtu akisema kwamba Mungu hampi mja wake mzigo asioweza kuubeba. Mfiwa huambiwa hivyo ili avumilie. Lakini kauli hiyo ina wasemaji wengine. Mwenye hasira aliyechoka kukanywa hujitetea nayo: ndivyo nilivyoumbwa, Mola wangu ananijua. Mwenye cheo anayetaka walio chini yake watulie huigeuza kidogo tu: kila mtu amepewa kiasi chake, vidole vya mkono havilingani. Wa kwanza anafariji, wa pili anajisamehe, wa tatu anatawala, na wote wanadai kutegemea imani moja, kwamba Mungu humchukulia kila mtu kwa jinsi alivyo, kwa nguvu zake na udhaifu wake, wala hawapimi watu wote kwa kipimo kimoja.

Imani hiyo ni kongwe, nayo imo katika dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki. Linalobishaniwa ni matumizi yake. Ninalolitetea hapa ni kwamba ni imani ya kuegemea, si mizani ya kupimia watu. Inasema kipo kipimo cha haki kwa kila mja, na papo hapo inasema anayekijua ni Mungu peke yake. Nusu ya kwanza ikishikwa bila ya pili, imani yote huwa chombo mkononi mwa msemaji. Wasemaji wetu watatu, hata yule mwenye nia njema, wameshika nusu ya kwanza tu.

Tuanze na maandiko ambayo kauli ya matangani imetoka kwayo. Kwa Waislamu ni aya ya 286 ya Surat al-Baqara, aya inayoifunga sura ndefu kuliko zote. Kwa Wakristo ni waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 10, mstari wa 13. Ukiyasoma mahali yalipo, yote mawili hayazungumzii kiasi cha msiba. Aya ya Baqara inahusu kukalifishwa: mja hataamrishwa wala hataulizwa lililo nje ya uwezo wake. Tena aya yenyewe inaendelea kwa dua ya kuomba waja wasitwishwe wasiyoyaweza, dua ambayo isingekuwa na haja kama mizigo ya namna hiyo isingeweza kamwe kumfika mtu. Mstari wa Paulo nao unahusu vishawishi vya kutenda dhambi. Mistari inayoutangulia inataja ibada ya sanamu, uzinzi na manung'uniko ya Waisraeli jangwani. Kuhusu mateso, Paulo huyohuyo anasema mengine kabisa. Mwanzoni mwa waraka wa pili kwa Wakorintho anakiri kwamba dhiki iliyompata Asia ilimzidi nguvu hata akakata tamaa ya kuishi.

Basi mfiwa anayesema hili limenishinda hajapungukiwa imani. Amesema alilolisema mtume Paulo. Na anayemwambia mjane kwamba amepewa msiba huo kwa kuwa anauweza, ameichukua ahadi inayohusu hesabu ya Mungu, akaifanya tathmini yake mwenyewe juu ya mabega ya mjane. Mara nyingi tathmini hiyo humfaa anayeitoa kuliko anayepewa, maana mzigo ukishasemwa kuwa unabebeka, hakuna anayelazimika kuusaidia. Paulo huyohuyo, katika waraka kwa Wagalatia, aliwataka waumini wachukuliane mizigo, jambo ambalo halina maana pale kila mtu anapodhaniwa kuwa na mzigo wa saizi yake.

Kipimo hiki kinapoingia katika sheria huonekanaje? Fiqhi ya sala ina mfano mmoja unaotosha. Imran bin Huswain, sahaba aliyekuwa akiugua bawasiri, alimuuliza Mtume Muhammad namna ya kusali. Jibu lililopokewa na Bukhari ni kwamba asali amesimama, asipoweza, ameketi, asipoweza, amelala ubavu. Wanazuoni wa Kishafi, ambao madhehebu yao ndiyo ya pwani yetu, wakaendelea kushuka hadi mwisho: asiyeweza ubavu atalala chali, asiyeweza kuinama ataashiria kwa kichwa, kisha kwa macho, na asiyebakiwa na kiungo kinachomtii ataipitisha sala moyoni. Mambo mawili yanakwenda pamoja hapo. Ibada inamfuata mgonjwa hadi kitandani, wala hakuna hatua anayoambiwa kwamba sala yake si sala. Lakini maadamu akili ipo, sala haimdondoki. Kinachopunguzwa ni namna ya kuitika, mwito haupunguzwi.

Saumu ina mpangilio wa aina hiyohiyo. Mgonjwa na msafiri watalipa siku nyingine, mzee asiyeiweza tena atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku, mwenye hedhi atalipa saumu wala hatalipa sala zilizompita. Na nani huamua kwamba ugonjwa umefikia hapo? Mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe, kwa ushauri wa tabibu, baina yake na Mola wake. Jirani anayemwona akinywa maji saa nane mchana wa Ramadhani hajui lolote la kumwezesha kusema. Sheria imeacha pengo hilo makusudi, na anayelijaza kwa dhana yake amejipa kazi ambayo hakupewa.

Kwa Wakristo mfano unaolingana na huo ni ule wa talanta, katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, ambamo bwana aliwakabidhi watumwa wake talanta tano, mbili na moja, kila mmoja kwa uwezo wake. Wahubiri hupenda kukaa kwenye tofauti ya idadi. Yafaa kutazama thamani na malipo pia. Talanta moja ilikuwa takriban dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Huyo aliyepata kidogo alikabidhiwa ujira wa karibu miaka 20. Na hesabu ilipofanywa, aliyeleta tano juu ya tano na aliyeleta mbili juu ya mbili walisifiwa kwa maneno yaleyale. Bwana hakulinganisha mafungu yao. Alimlinganisha kila mmoja na fungu lake. Yule wa tatu hakuharibikiwa kwa uchache wa talanta. Alijitetea kwamba anaijua tabia ya bwana wake, kuwa ni mtu mgumu, ndiyo maana akaogopa na kuifukia. Alikuwa amepimwa na anayemjua, akaamua kwamba kipimo hicho ni mtego. Katika watatu wale yeye ndiye pekee aliyekosa kuamini, na hofu yake ikamgharimu kuliko ambavyo hasara ya biashara ingemgharimu.

Waliolazimika kuitekeleza imani hii kila siku, wakiwa na watu chini yao, waliielewa kama nidhamu ya kiongozi. Papa Gregori Mkuu, katika kitabu chake cha uchungaji cha mwaka 590 hivi, anatumia sehemu ya tatu, iliyo ndefu kuliko nyingine, kuwapanga watu wawili wawili: maskini na matajiri, wenye furaha na wenye huzuni, wenye haya na wasio nayo, wazima na wagonjwa, ili mchungaji aone jinsi onyo linalomjenga huyu linavyoweza kumvunja yule. Benedikto wa Nursia, katika kanuni yake ya watawa ya karne ya 6, anataka vitu vigawiwe kwa haja ya kila mmoja, kisha anafunga pande zote mbili: anayehitaji kidogo amshukuru Mungu asisikitike, na anayehitaji zaidi anyenyekee kwa udhaifu wake asijivunie huruma aliyofanyiwa. Benedikto alijua kwamba kipimo cha mtu mmoja mmoja huharibiwa na jicho la jirani, ama jicho la wivu ama la kiburi. Wote wawili, kabla ya kuwaonya wadogo, walimfunga mkono mwenye mamlaka asiwatendee watu wote sawasawa.

Hadi hapa imani inaonekana nzuri, lakini ina wapinzani, na aliye mkali kuliko wote alitoka ndani ya elimu ya dini. Wanatheolojia wa Kiislamu wa kundi la Muutazila huko Basra, katika karne ya 9 na ya 10, walifundisha kwamba Mungu, kwa uadilifu wake, hana budi kumfanyia kila mja lililo bora kwake. Inasimuliwa kwamba Abul Hasan al-Ashari alimuuliza mwalimu wake, Abu Ali al-Jubbai, habari za ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima mwema, wa pili mtu mzima muovu, wa tatu mtoto. Mwema yuko daraja ya juu, muovu yuko motoni, na mtoto ameokoka lakini hana daraja ya ndugu yake. Mtoto akiuliza mbona hakuachwa akue atende mema, atajibiwa kwamba Mungu alijua angekuwa muovu, hivyo lililo bora kwake lilikuwa kufa mapema. Hapo, akasema al-Ashari, yule wa motoni atapiga kelele: mbona mimi sikufa utotoni? Al-Jubbai hakuwa na jibu, na mwanafunzi akaachana na mwalimu.

Wengi husoma kisa hiki kuwa kimeibomoa imani tunayoizungumzia. Ninavyoona, kimebomoa kitu kilicho jirani nayo. Al-Jubbai hakushindwa kwa kuamini kwamba Mungu humtendea kila mja kwa kadiri yake. Alishindwa pale alipokubali kueleza kadiri ya mtoto fulani, kwa sababu maelezo ya mmoja lazima yasimame mbele ya wengine, na hakuna mwanadamu mwenye daftari la wote. Marafiki watatu wa Ayubu walianguka shimo hilohilo. Elifazi, Bildadi na Sofari walimtetea Mungu kwa bidii, wakaeleza sababu ya kila pigo lililompata mwenzao, na mwisho wa kitabu wao ndio waliokemewa na kutakiwa kutoa sadaka, naye Ayubu aliyelalamika akaombwa awaombee. Itikadi ya al-Ashari ndiyo iliyokuja kusomeshwa sana pwani yetu, lakini mawaidha ya msibani bado hutoka kinywani mwa al-Jubbai.

Msomaji mwenye shaka atauliza: imani isiyoweza kuelezea hata tukio moja inasema nini hasa? Kama siwezi kusema kwamba huyu amepewa hiki kwa sababu hii, si ni sawa na kutosema lolote? Hapana, kwa kuwa maana ya imani hii imo katika inayoyakataza na inayoyadai. Inakataza kumwambia mtu kiasi chake. Inadai kwamba anayeonekana hana alichofanya ahesabiwe kuwa huenda amefanya yote aliyoyaweza. Inadai pia kwamba anayeonekana amefanya makubwa asihesabiwe kuwa amemaliza. Mtu anayeishi kwa mambo hayo matatu ana mwenendo tofauti na asiyeishi kwayo, na tofauti hiyo inaonekana msibani, mahakamani na kanisani.

Pingamizi la pili ni la kihistoria, nalo lina uchungu zaidi. Imani ya kwamba Mungu ameumba watu kwa jinsi tofauti imetumika kuwakandamiza. Afrika Kusini, Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 iliwawekea watoto Waafrika elimu hafifu kwa hoja kwamba elimu ilingane na nafasi iliyowangoja katika jamii. Mwaka 1974 Kanisa la Kireformati la Kiholanzi la huko lilitoa ripoti, Ras, Volk en Nasie, iliyotumia habari za mnara wa Babeli kutetea kila taifa kuendelea kivyake. Jibu lilitoka katika ukoo huohuo wa makanisa: Agosti 1982, Muungano wa Makanisa ya Kireformati Duniani ulipokutana Ottawa, ulitangaza kwamba kuuhalalisha ubaguzi wa rangi kwa theolojia ni uzushi, na mwaka huohuo rasimu ya Ungamo la Belhar iliandikwa karibu na Cape Town, ikapitishwa 1986. Pwani yetu nayo haina pa kujificha. Hapa watu waligawanywa kuwa waungwana na watumwa kwa kuzaliwa, soko la watumwa la Zanzibar halikufungwa hadi 1873, na hawakukosekana waliouona mgawanyo huo kuwa ni mpango wa Mungu.

Lakini tazama wapi walipopotoka. Imani inamzungumzia mtu mmoja, na maumbile yake ambayo Mungu anayaona ndani. Watetezi wa ubaguzi waliihamishia kwenye kundi, na papo hapo mtu akatoweka ndani ya rangi au nasaba. Watoto mamilioni, wepesi na wazito, wakimya na wachangamfu, wakakatiwa kiasi kimoja na karani ambaye hajawahi kuwaona. Huko ndiko kuwapima watu wote kwa kipimo kimoja, jambo ambalo imani hii ilizaliwa kulikanusha. Kwa hiyo kuna alama rahisi ya kuitambua inapopotoshwa: akisikika mtu akisema Mungu amewapa wale kiasi chao, na wale hao ni kabila, jinsia au tabaka, hapo hakuna tena imani ya kadiri ya kila mja, kuna siasa iliyovaa kanzu au joho.

Pingamizi la tatu linamhusu yule mwenye hasira. Kama Mungu humchukulia mtu kwa maumbile yake, si ndio mlango wa uvivu? Mwanazuoni Ghazali, aliyefariki 1111, alikutana na hoja hiyo na kuijibu katika kitabu chake, Ihya. Wapo waliosema tabia haibadiliki, kama vile mfupi hawezi kujirefusha. Alijibu kwamba ingekuwa hivyo, wasia, mawaidha na adabu vyote vingekuwa bure. Na hata mnyama hufunzwa akafunzika. Hakukanusha kwamba watu hutofautiana, kwamba wapo wanaorekebika upesi na wapo wanaochelewa, wala hakumtaka mtu aing'oe hasira yake isibaki. Alitaka iletwe kwenye wastani. Hoja yake inaongezewa nguvu na lile tuliloliona katika sala ya mgonjwa: anayestahili kuketi ni aliyejaribu kusimama. Anayesema ndivyo nilivyoumbwa anadai kuujua mwisho wa uwezo wake, na hilo ni katika yale anayoyajua Muumba. Asichoruhusiwa kuwatamkia wengine hawezi kuruhusiwa kujitamkia mwenyewe kwa wepesi, hasa kwa kuwa kwa wengine huwa tunakosea kwa ukali na kwetu wenyewe tunakosea kwa huruma.

Pengine hakuna mahali ambapo imani hii imejaribiwa kwa ukali kama kwenye kaburi la mtu aliyejiua. Sheria za Kanisa Katoliki za 1917 ziliwanyima maziko ya kikanisa waliojitoa uhai kwa makusudi. Sheria mpya za 1983 hazikuwataja tena katika orodha hiyo. Katekisimu ya 1992 inaendelea kufundisha kwamba kujiua ni kosa zito, kisha inaeleza kwamba maradhi makubwa ya akili, hofu na mateso hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba waumini wasikate tamaa juu ya wokovu wa marehemu, kwa kuwa Mungu ana njia anazozijua yeye. Katika Uislamu ipo hadithi kwamba Mtume mwenyewe hakumsalia mtu aliyejiua, lakini wanazuoni wengi, Washafi wakiwamo, wanasema mtu huyo husaliwa na Waislamu wenzake. Na Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha katiba.

Katika mifano hiyo hakuna aliyesema kujiua kumekuwa jambo jema. Katika dini zote mbili kosa limebaki likiitwa kosa. Kilichobadilika ni ujasiri wa walio hai kutangaza kwamba wanajua kilichokuwa ndani ya marehemu usiku ule: aliweza kiasi gani, alipigana kwa muda gani, alishindwa na nini. Hapo ndipo kutumaini kunapata maana yake ya kweli. Familia haiambiwi kwamba mtoto wao alikuwa dhaifu, wala haiambiwi kwamba mambo yako sawa. Inaambiwa kwamba yupo anayejua, na kwamba kanisa na msikiti, vyenye maneno mengi juu ya kila jambo, hapa vimeamua kusali badala ya kutoa hukumu.

Linabaki swali la utaratibu wa dunia: tukiacha kupimana, mahakama zitahukumuje na shule zitatahinije? Jibu ni kwamba kitendo kina wa kukihukumu, na jamii isiyokihukumu haidumu. Hakimu anayo haki ya kusema mali iliibwa na nani. Hana njia ya kujua kishawishi kile kilimlemea vipi mwizi huyu kuliko kingemlemea mwingine, na sheria yenye busara humwachia nafasi ya kukiri hilo. Inapokewa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab alisimamisha adhabu ya kukata mkono katika mwaka wa ukame na njaa huko Hijazi, uitwao mwaka wa majivu. Hakuuhalalisha wizi. Alikubali kwamba njaa ikienea, mtawala hawezi tena kutofautisha aliyeiba kwa tamaa na aliyeiba kwa dhiki, na asiyeweza kutofautisha hana budi kupunguza mkono wake.

Kwa hiyo anayetumaini kwamba Mungu humwendea kila mja kwa kadiri yake amejitwika kazi, hajapumzishwa. Kwa nafsi yake, atajaribu kusimama kabla ya kuomba kuketi. Kwa mfiwa, atashika upande mmoja wa mzigo bila kumwambia uzito wake. Kwa aliyeanguka, atalitaja kosa kwa jina lake na kunyamaza juu ya mengine. Na kwa aliye chini yake kazini, nyumbani au darasani, atakumbuka kwamba hata hicho kiasi anachomkadiria ni makisio yake tu, na kwamba makisio ya mwenye nguvu yakikosea, anayeumia ni mwingine. Imani hii ikimfariji mtu bila kumfunga kwa lolote kati ya hayo, bado hajaishika.